Kabla ya Wajerumani kuingia: Wayahudi na majirani zao katika mitaa ya Ufaransa, 1919 hadi 1939

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Paris katika wilaya ya 11. Mwanangu ana miaka 11. Kwenye ukuta wa shule yake kuna kibao cha ukumbusho kinachosema kwamba wanafunzi wa shule hiyo walichukuliwa kati ya 1942 na 1944 kwa sababu tu walizaliwa Wayahudi. Aliposoma akaniuliza: 'Mama, kabla ya hapo majirani walikuwa wakiwapenda?' Nina mfanyakazi mwenzangu Mfaransa, mtu mwema kabisa, ambaye marehemu bibi yake alikulia mitaa hii. Anasema bibi alikuwa akisimulia kwamba hapakuwa na shida yoyote hadi Wajerumani walipoingia. Lakini nimesikia pia kwamba mwanasiasa mkubwa Myahudi alipigwa barabarani miaka kadhaa kabla ya vita. Nimwamini nani? Na mtoto nimjibu nini bila kumdanganya wala kumtia hofu, maana naye hapa ni mtoto wa wageni?"

Mama, nakushukuru kwa swali hili, na zaidi namshukuru mwanao, kwa sababu ameuliza jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa chuo kikuu hulipita bila kuliona. Wengi huuliza Wayahudi wa Ufaransa walikamatwaje. Yeye ameuliza walikuwa wakiishije na majirani kabla ya kukamatwa. Wasiwasi wako nauelewa hivi: ukimwambia kwamba hapakuwa na shida, atadhani uovu ule ulidondoka kutoka nje siku moja, ukimwambia kwamba chuki ilikuwapo siku zote na kila mahali, ataanza kuwaogopa watu anaopishana nao kwenye ngazi za jengo lenu. Huna haja ya kuchagua kati ya majibu hayo mawili, kwa kuwa yote mawili si sahihi.

Nianze na bibi wa mwenzako. Sina sababu ya kudhani kwamba alisema uongo. Msichana Mkatoliki aliyekulia wilaya ya 11 katika miaka ya 1930 alinunua uzi na vifungo katika maduka ya Wayahudi, alikutana na watoto wao kwenye bustani na kwenye foleni ya mkate, na huenda hakushuhudia hata siku moja mtu akipigwa. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tusi likitamkwa sokoni, anayelikumbuka miaka sitini baadaye ni yule lililomlenga. Aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri chenji yake hulisahau kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo kumbukumbu mbili za mtaa mmoja zinaweza kupingana bila yeyote kuwa mwongo, na ndiyo sababu sisi wanahistoria hatuishii kwenye masimulizi peke yake, bali tunasoma pia magazeti ya siku zile, ripoti za polisi, kumbukumbu za Bunge na sheria zilizopitishwa, kwani huko ndiko matusi ya mtaani yalikoacha nyayo zake.

Ni lazima kwanza tujue ni watu gani tunaowazungumzia. Ufaransa ilikuwa nchi ya kwanza ya Ulaya kuwapa Wayahudi wake wote uraia kamili, mwaka 1791, na familia nyingi za Alsace, Bordeaux na Paris zilikuwa zimekaa humo vizazi na vizazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza walipigana na kufa kama wananchi wengine. Rabi Mkuu wa Lyon, Abraham Bloch, aliuawa Agosti 1914 katika milima ya Vosges akihudumia majeruhi, na inasimuliwa kwamba alikuwa amempelekea msalaba askari Mkatoliki aliyekuwa akikata roho. Kwa kitambo fulani damu ile iliyochanganyika mitaroni ilinyamazisha wenye chuki, hata baadhi ya waliokuwa wamepiga kelele kubwa wakati wa kesi ya Kapteni Dreyfus, yule afisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini mwaka 1894 na kusafishwa jina lake 1906.

Baada ya vita hali ilibadilika kwa sababu nchi yenyewe ilibadilika. Ufaransa ilikuwa imepoteza wanaume wapatao milioni 1.4, ikafungua milango kwa wafanyakazi wa kigeni, na kufikia 1931 wageni walikaribia milioni 3, wengi wao Waitalia, watu wa Poland, Wahispania na Wabelgiji. Ndani ya mkondo huo mkubwa walikuwamo Wayahudi waliokimbia umaskini na mauaji ya Ulaya Mashariki, na baada ya 1933 wakaongezeka waliomkimbia Hitler. Wayahudi wote nchini, waliokuwa takriban 150,000 mwishoni mwa vita, walifika kama 300,000 kufikia 1939, na karibu theluthi mbili yao waliishi Paris na vitongoji vyake. Katika nchi ya watu milioni 40 na ushei hiyo haifiki hata mtu mmoja katika kila mia.

Wewe unaishi palepale walipokaa. Ukipita rue Sedaine na rue Popincourt, uko katika mtaa wa Wayahudi waliotoka Istanbul, Izmir na Salonika, ambao nyumbani walizungumza Kihispania cha mababu zao. Ukipanda kuelekea Belleville ungesikia Kiyidi, lugha ya wenzao wa Poland na Urusi. Na rue des Rosiers katika Marais ilikuwa na mabango yaliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Hawakuwa wenye benki. Walikuwa mafundi cherehani, washonaji wa kofia, mafundi wa manyoya na ngozi, maseremala wa Faubourg Saint-Antoine, wachuuzi wa nguo kuukuu. Fikiria familia moja katika vyumba viwili: cherehani dirishani ili ipate mwanga, pasi inapashwa jikoni, baba anashona makoti ya mwenye duka anayemlipa kwa idadi ya vipande, mama anamalizia vifundo vya vifungo kwa mkono, na watoto wanayasukuma makoti yaliyokamilika kwa kigari hadi kwa mwajiri. Msimu ukiisha wanakaa miezi bila kazi. Jina la Rothschild, ukoo wa Kiyahudi wa matajiri wenye benki, lilitumika kuificha familia hii: mwenye chuki alimwonyesha fundi huyu kwa kidole huku akizungumzia utajiri wa mtu mwingine kabisa.

Sasa twende barabarani kwenyewe, mahali ambapo mwanao anataka kujua palikuwaje. Chukua Jumapili moja ya miaka ya 1920. Misa imekwisha, waumini wanatoka, na kwenye ngazi za kanisa wamesimama vijana waliovaa vizuri, baadhi yao na fimbo nzito mkononi, wakitangaza kwa sauti vichwa vya habari vya gazeti la *Action française*. Wanajiita *Camelots du roi*, jina ambalo mtu wa Dar es Salaam angelitafsiri "wamachinga wa mfalme", kwa sababu walikuwa wachuuzi wa gazeti la chama kilichotaka ufalme urudishwe. Kiongozi wao Charles Maurras na mwenzake Léon Daudet waliandika karibu kila siku kwamba Wayahudi, Waprotestanti, Wamasoni na wageni walikuwa wameiteka Ufaransa. Mwaka 1926 Papa Pius wa 11 alilipiga gazeti hilo marufuku kwa Wakatoliki. Vijana hawakuacha kuliuza. Tazama namna jambo lilivyofanya kazi: msikilizaji hakuhitaji kulinunua gazeti wala kukubaliana nalo. Ilitosha kwamba kila Jumapili, akiwa amemshika mtoto mkono na keki ya mchana mkono wa pili, alisikia Myahudi akitajwa kama ugonjwa, na hakuna aliyeshtuka. Kisichoshtua mtu hugeuka kuwa hali ya hewa.

Neno walilolipenda lilikuwa *métèque*. Maurras ndiye aliyelieneza, akiliokota katika Kigiriki cha kale, ambamo lilimaanisha mgeni mkaazi wa Athens. Kwa Kiswahili cha pwani tungesema "mtu wa kuja", lakini kwa ukali unaochoma zaidi. Nguvu ya neno hilo ilikuwa katika utata wake, kwa kuwa lilimgusa Mwitaliano, Mwarmenia na Myahudi kwa pamoja, na anayelitumia akibanwa aliweza kusema kwamba hakumtaja Myahudi yeyote. Nalo lilikuwa na hila nyingine: Myahudi ambaye babu yake alizaliwa Bordeaux aliweza kuitwa hivyo sawasawa na aliyeshuka treni jana. Wewe unayetoka Kivu hunihitaji nikueleze jinsi swali la "huyu hasa ni wa wapi?" linavyoweza kugeuzwa silaha.

Zaidi ya maneno kulikuwa na karatasi: vikaratasi vyenye gundi vilivyobandikwa usiku kwenye nguzo na vioo vya maduka, maandishi ya chaki ukutani, vibonzo vya pua ndefu katika majarida ya kila juma. *Gringoire*, jarida lililoanzishwa 1928, liliuza nakala zaidi ya 600,000 katika siku zake za kilele, na lilisomwa na watu ambao wangekasirika mno kuitwa wabaguzi. Mikono ilifuata nyuma ya maneno na karatasi, nayo ilifuata kwa vipindi.

Hapa naomba nisahihishe dhana moja inayowapotosha wengi, kwamba chuki ilipanda taratibu mwaka hadi mwaka kama maji kwenye mtungi. Haikuwa hivyo. Ilipanda na kushuka kama homa ya malaria. Mwaka 1920, tauni ndogo ilipozuka miongoni mwa waokota matambara wa vitongoji vya Paris, walitokea wanasiasa na magazeti ya kuwalaumu wahamiaji wa Kiyahudi; ikaisha, kelele zikaisha. Miaka iliyofuata ilikuwa na kazi tele, na mwaka 1927 Bunge lilipunguza muda wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia kutoka miaka 10 hadi 3. Mwaka uohuo baraza la wazee wa mahakama la Paris lilimwachia huru Samuel Schwartzbard, fundi saa Myahudi aliyempiga risasi Symon Petliura katika rue Racine mwaka uliotangulia, akimtuhumu kiongozi huyo wa Ukraine kwa mauaji ya Wayahudi kule. Katika harakati za kesi hiyo mwandishi Bernard Lecache alianzisha jumuiya ya kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo baadaye iliitwa LICA, na vijana wake wa Belleville hawakungoja polisi. Wachuuzi wa chuki walipokuja mitaani kwao walikutana na ngumi. Mwambie mwanao na hili pia, kwa kuwa watoto huchoka kusikia habari za watu waliopigwa tu.

Homa ilirudi pale mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika Ufaransa karibu na 1931. Sheria ya Agosti 1932 iliruhusu kuweka kikomo cha wafanyakazi wa kigeni katika viwanda. Fundi aliyefukuzwa kiwandani alirudi kushona nyumbani, akafanya kazi usiku kucha kwa malipo madogo zaidi, na mshindani wake Mfaransa akaona jambo moja tu: taa isiyozimwa ng'ambo ya ua. Ushindani ule ulikuwa wa kweli, sitaki kuuficha. Uongo ulikuwa katika maelezo yake, kwa maana aliyeshusha malipo ni mwenye duka na mdororo, lakini mwenye duka haonekani dirishani.

Usidhani kwamba hayo yalikuwa ya wenye njaa peke yao. Kwa maoni yangu tukio linalofundisha zaidi katika kipindi chote ni la wasomi. Wanafunzi wengi Wayahudi wa Romania, waliofungiwa milango ya vyuo vya kwao, walikuwa wakisomea udaktari Ufaransa. Mwaka 1933 sheria ilishawazuia wasio raia kutibu. Haikutosha: mwanzoni mwa 1935 wanafunzi wa udaktari waligoma, Montpellier, kisha Paris na miji mingine, wakaandamana dhidi ya "uvamizi" wa wageni huku wakiimba kwamba Ufaransa ni ya Wafaransa. Katika picha za maandamano hayo Paris anaonekana mwanafunzi wa sheria wa miaka 18 aitwaye François Mitterrand, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1981, na mjadala juu ya alichokuwa akikitafuta pale haujaisha hadi leo. Ndani ya miezi michache sheria nyingine ikawacheleweshea kazi hata wale waliokwisha kupewa uraia. Sheria hizo hazikumtaja Myahudi popote. Zilisema "mgeni", na kila aliyeandamana alijua ni nani aliyekusudiwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na kashfa ya Stavisky. Alexandre Stavisky alikuwa tapeli mzaliwa wa Ukraine, wa familia ya Kiyahudi, aliyeuza hati bandia za mkopo kupitia taasisi ya mikopo ya mji wa Bayonne na kuwaponza wanasiasa kadhaa. Alipokufa Januari 1934, wengi hawakuamini kwamba alijiua, na usiku wa Februari 6 makundi ya mrengo wa kulia yalijaribu kulivamia Bunge. Polisi walifyatua risasi na watu zaidi ya kumi wakafa. Maofisa na wabunge waliohusishwa na kashfa hiyo hawakuulizwa walibatizwa wapi. Stavisky peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa mwakilishi wa watu wake, hata fundi wa rue Popincourt, ambaye hakuwahi kuiona hati ya mkopo maishani mwake, akatupiwa jina lake kama tusi.

Nafika kwenye habari uliyoisikia, na ni ya kweli. Léon Blum alikuwa kiongozi wa wasoshalisti. Mchana wa Februari 13, 1936 alikuwa akitoka Bungeni ndani ya gari la mbunge mwenzake Georges Monnet, na mke wa Monnet akiwamo. Kwenye boulevard Saint-Germain gari likakwama katika umati uliokuwa ukisubiri mazishi ya Jacques Bainville, mwandishi wa *Action française*. Blum akatambuliwa. Vioo vikavunjwa, akapigwa kichwani hadi damu ikatiririka, na huenda angeuawa kama mafundi ujenzi waliokuwa kazini karibu na pale wasingekimbilia kumwokoa. Alipelekwa hospitali ya Hôtel-Dieu. Polisi walipopekua ofisi za *Action française*, walikuta kofia na tai yake vimehifadhiwa kama nyara za vita. Maurras alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla kwamba mtu huyo apigwe risasi, tena mgongoni. Vijana wa mtaani walikuwa wamesoma.

Serikali ilivunja makundi ya *Action française* siku ileile, na Jumapili iliyofuata watu kwa mamia ya maelfu walijaa barabara za Paris kupinga. Miezi minne baadaye Blum akawa Waziri Mkuu wa kwanza Myahudi katika historia ya Ufaransa, kwa kura za Wafaransa haohao. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na anayekusimulia moja bila la pili anakupunja. Lakini Juni 6, Blum alipolitambulisha baraza lake Bungeni, mbunge Xavier Vallat alisimama akasema kwamba kwa mara ya kwanza nchi hii ya kale ya Wagali na Warumi itatawaliwa na Myahudi. Spika, Édouard Herriot, alimkemea. Mtaani ukaenea uvumi kwamba jina halisi la Blum ni Karfunkelstein na kwamba alizaliwa Ulaya Mashariki. Ukweli ni kwamba Blum alizaliwa Paris, rue Saint-Denis, mwaka 1872, umbali ambao mwanao anaweza kuutembea kwa miguu kutoka nyumbani, na familia yake ilitoka Alsace. Uvumi huo ulikanushwa mara nyingi ukaendelea kuishi, maana waliourudia hawakuwa wakitafuta habari za kuzaliwa kwake.

Ng'ambo ya Mediterania, katika miji ya Algeria ambayo kisheria ilikuwa sehemu ya Ufaransa, moto ulikuwa mkali zaidi: Oran ilimchagua meya aliyejinadi kwa kuwapinga Wayahudi, na Constantine ilishuhudia mauaji Agosti 1934 yaliyoua Wayahudi 25. Hiyo ina historia yake ya kikoloni, nami siwezi kuifanyia haki hapa.

Kipindi kibaya zaidi katika Ufaransa yenyewe kilikuja Septemba 1938, Hitler alipoidai sehemu ya Czechoslovakia na vita ikawa mlangoni. Watu waliokuwa wamezika wana na kaka miaka ishirini tu nyuma waliingiwa na hofu ya haki, na magazeti yakawapa mtu wa kumlaumu: Wayahudi ndio wanaotaka vita ili walipize kisasi. Jijini Paris na katika miji ya mashariki, Alsace na Lorraine zikiwamo, watu walishambuliwa barabarani kwa sababu ya sura au matamshi yao, na vioo vya maduka vikavunjwa. Mkimbizi aliyeshikwa akizungumza Kijerumani aliweza kupigwa kama Mjerumani na kama Myahudi kwa pigo moja. Novemba, baada ya kijana Herschel Grynszpan wa miaka 17 kumpiga risasi ofisa wa ubalozi wa Ujerumani mjini Paris, serikali ya jamhuri, si ya Hitler, ilitoa amri ya kuwaweka kizuizini "wageni wasiotakiwa".

Walakini mwaka uliofuata serikali ileile, Aprili 21, 1939, ilitoa amri iliyoitwa kwa jina la waziri Paul Marchandeau, ikikataza magazeti kuchochea chuki dhidi ya watu kwa ajili ya asili, kabila au dini yao. Louis Darquier de Pellepoix, diwani wa Paris aliyekuwa akiishi kwa uchochezi huo, alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu. Sheria kumbe ilikuwa na uwezo, ilichelewa tu.

Sasa unaweza kuona kwa nini sikubaliani na mwenzako ingawa namwamini bibi yake. Ufaransa ilipovunjika mbele ya jeshi la Ujerumani mwaka 1940 na serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ikaundwa Julai 10, angalia kalenda. Julai 22 iliundwa tume ya kupitia upya uraia uliotolewa tangu 1927. Agosti 16 udaktari uliachwa kwa waliozaliwa na baba Mfaransa peke yao, kama wagomaji wa 1935 walivyotamani. Agosti 27 amri ya Marchandeau ilifutwa. Oktoba 3 ikatoka sheria ya kuwabagua Wayahudi waziwazi. Hakuna Mjerumani aliyelazimisha sheria hizi. Ziliandikwa na Wafaransa, tena kwa haraka ya watu waliokuwa na rasimu kichwani. Vallat alikabidhiwa ofisi ya "masuala ya Kiyahudi" mwaka 1941, na Darquier akamrithi 1942. Julai 16 na 17 mwaka huo polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 Paris na vitongoji, zaidi ya 4,000 kati yao wakiwa watoto, huenda wengine kutoka shule ya mwanao.

Hata hivyo nakusihi usimwambie mtoto kwamba njia ilikuwa moja, kutoka kwenye ngazi za kanisa hadi kwenye treni zilizowapeleka kambini. Bila kushindwa vitani, na bila Wajerumani waliopanga mauaji yenyewe, wale wauza magazeti wangebaki kero ya mitaani. Matusi ya miaka ishirini hayakuwaua watu. Yalifanya kwamba siku jirani alipoondolewa kwenye kazi yake, wengi waliona ni habari ya serikali na wageni, isiyowahusu. Pia si wote. Wayahudi takriban 76,000 walipelekwa kambini kutoka Ufaransa na wachache mno walirudi, lakini karibu robo tatu ya waliokuwa nchini waliokoka, na katika hao wapo waliofichwa na mwangalizi wa jengo, na mwalimu, na mapadri na masista, na wakulima wasiowafahamu.

Kwa mtoto wa miaka 11 mimi ningesema hivi: "Wengine waliwapenda, wengine waliwachukia, na wengi hawakuwafikiria sana. Wachache waliowachukia walisema kwa sauti kila siku, na wengi wakazoea kusikia." Kisha nyamaza umwache aulize. Akiuliza kama inaweza kumpata yeye, usimwapie kwamba haiwezekani, kwani atajua umemwapia tu. Mwambie kwamba leo sheria inakataza matusi ya namna hiyo, na kwamba akitukanwa shuleni kwa rangi au kwa asili yake akuambie siku hiyohiyo. Ikitokea hivyo, usimalize kwa simu: omba kuonana na mwalimu mkuu, nenda na tarehe na maneno yaliyosemwa umeyaandika. Na ukiona amepoteza usingizi, au anaogopa sare za polisi kwa wiki kadhaa, hapo maelezo ya mwanahistoria hayatoshi. Mpeleke kwa daktari wenu au umwone mwanasaikolojia wa shule.

Kwa habari za watoto waliotajwa kwenye kibao, mwulize mwalimu wake kwanza, maana shule nyingi za wilaya ya 11 zimekwisha kutafuta majina na anwani zao. Kisha nendeni pamoja Mémorial de la Shoah, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi, rue Geoffroy-l'Asnier katika Marais. Kuingia ni bure, majina yamechongwa kwenye kuta za mawe uani, na wapo wahifadhi wa nyaraka wanaoweza kukuonyesha karatasi zenyewe. Mwenzako naye mwalike, kama atapenda. Msiende Jumamosi, kwa sababu siku ya Sabato wanafunga.